John Huston: mwongozaji aliyewachanganya wahakiki kwa miaka 46

Mwaka 1968 mhakiki wa filamu wa New York, Andrew Sarris, alitoa kitabu kilichowapanga waongozaji wa Marekani kwa madaraja. Daraja la juu walikaa kina Chaplin, Hitchcock, John Ford na Orson Welles. John Huston, aliyekwisha kuwa na tuzo mbili za Oscar na filamu zilizojulikana dunia nzima, alisukumwa kwenye kundi la wale ambao kwa maoni ya Sarris sifa zao zilizidi uwezo wao. Vijana wa jarida la Cahiers du Cinéma huko Paris walikuwa wamemkataa zamani. Lakini mwaka 1950 James Agee, mhakiki aliyeheshimiwa kuliko wengi wa wakati wake, alikuwa amemsifu kurasa kwa kurasa katika jarida la Life.

Watu hawa wote walikuwa wajuzi, na wote waliziona filamu zilezile. Sasa walitofautianaje kiasi hicho? Ili kulielewa jambo hili inabidi tutenganishe mambo ambayo kwa Huston yamesukwa pamoja: mtindo, uandishi na pesa.

Tuanze na mtindo, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Nadharia iliyotawala enzi hizo ilisema kwamba filamu ina mtunzi mmoja, naye ni mwongozaji. Hata studio ikimpa hadithi ya kununua, nyota asiowataka na bajeti finyu, mwongozaji wa kweli ataacha alama yake: namna anavyoiweka kamera, mambo yanayomsumbua, aina ya watu anaowarudia. Ukitazama dakika tano za Hitchcock unajua uko kwa Hitchcock. Ukitazama dakika tano za Huston unaweza usijue kabisa. Moulin Rouge ya 1952 ina rangi zilizotafutwa zifanane na mabango ya mchoraji Toulouse-Lautrec. Moby Dick ya 1956 imefifishwa rangi hadi inafanana na michoro ya kale ya wawindaji wa nyangumi. Fat City ya 1972 iko kwenye baa zenye kiza za mji wa Stockton, California, ambako mabondia waliochoka hunywa mchana. Ungeambiwa ni kazi za watu watatu tofauti ungekubali bila kubisha. Kwa mwenye kushika nadharia ile, hiyo ilikuwa dalili ya mtu asiye na lake la kusema.

Mimi naona walikuwa wanatafuta mahali pasipo. Alama ya Huston haiko sana kwenye kamera. Iko kwenye namna alivyosoma vitabu.

Huyu mtu alikuwa mwandishi kabla ya kuwa mwongozaji. Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906 katika mji mdogo uitwao Nevada, jimbo la Missouri. Baba yake, Walter Huston, alikuwa mwigizaji; mama yake, Rhea Gore, mwandishi wa habari. Walitengana yeye akiwa mdogo. Akawa mtoto wa kuugua, kisha kijana wa ngumi za ridhaa huko Los Angeles, kisha mchoraji, kisha mpanda farasi Mexico, na kati ya hayo yote akaandika hadithi fupi. Miaka ya mwisho ya 1930 alikuwa ameajiriwa na studio ya Warner Bros. kuandika miswada: Jezebel, Juarez, High Sierra, Sergeant York. Kazi ya mwandishi wa studio ilikuwa kuichukua hadithi ya mwingine, kuivunja na kuijenga upya ili ikae kwenye dakika mia. Huston aliijua kazi hiyo vizuri kiasi kwamba mwaka 1941 Warner walikubali ombi lake: akifaulu mswada mwingine, wampe filamu aiongoze.

Alichagua The Maltese Falcon, riwaya ya upelelezi ya Dashiell Hammett. Uchaguzi huo ulikuwa wa ajabu, kwa sababu studio hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuitengeneza mara mbili, mwaka 1931 na 1936, na mara ya pili waliigeuza vichekesho. Inasimuliwa kwamba Huston alimpa katibu muhtasi kitabu amnakilie, onyesho kwa onyesho, pamoja na mazungumzo yake, na nakala hiyo ikamfikia bosi wa studio aliyedhani ni mswada uliokamilika, akaupenda. Hata kama simulizi hilo limetiwa chumvi, linaeleza kitu cha kweli. Waliomtangulia walitaka kukirekebisha kitabu, Huston alikiamini.

Hammett haingii kamwe kichwani mwa mpelelezi wake, Sam Spade. Anakwambia Spade alisokota sigara vipi, alitazama wapi, alisema nini, basi. Hujui anawaza nini mpaka mwisho. Huston aliona kwamba huo tayari ni uandishi wa kamera, kwa kuwa kamera nayo haina uwezo wa kuingia kichwani mwa mtu. Kwa hiyo akamweka Humphrey Bogart katika karibu kila onyesho na kutufanya tujue kile tu anachokijua yeye. George Raft, nyota mkubwa zaidi wakati huo, alikuwa amelikataa jukumu hilo.

Ila kuamini kitabu hakukumaanisha kunakili kila kitu. Binti wa yule tajiri mnene, Gutman, yumo kwenye riwaya. Kwenye filamu hayupo. Riwaya inaishia ofisini, katibu wa Spade akimtazama bosi wake kwa kuchukizwa. Huston aliliondoa onyesho hilo akamalizia kwenye lifti: polisi wanamchukua mwanamke aliyeua, lango la vyuma la lifti linafungwa mbele ya uso wake, na kivuli cha nondo kinampita usoni kabla hajashuka chini. Hukumu yote imo humo, na hakuna aliyeitamka. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yote iliyofuata. Atakaa karibu na mwandishi, atakata, kisha mahali pamoja au pawili ataongeza kitu chake, na hicho ndicho utakachokikumbuka.

Baada ya hapo vita vikamchukua. Akiwa jeshini alitengeneza filamu za kumbukumbu, moja wapo Let There Be Light ya 1946, kuhusu wanajeshi waliorudi na majeraha ya akili. Jeshi liliizuia isionyeshwe hadharani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukiwaona wale vijana wakitetemeka na kushindwa kutaja majina yao, utaelewa kwa nini serikali haikuitaka.

Kisha mwaka 1948 ikaja The Treasure of the Sierra Madre, kutoka kwa riwaya ya B. Traven, mwandishi aliyejificha kiasi kwamba alimtuma mtu kwa Huston ajitambulishe kama wakala wake, na wengi wanaamini huyo wakala alikuwa Traven mwenyewe. Wamarekani watatu wanakwenda milimani Mexico kuchimba dhahabu, wanaipata, na tamaa inawala. Huston alimpa baba yake nafasi ya mzee mchimbaji na kumtaka avue meno yake ya bandia. Mzee hakupenda, lakini alivua, na usiku wa tuzo mtoto alichukua Oscar mbili, ya kuongoza na ya mswada, baba akachukua ya mwigizaji msaidizi. Mwishoni upepo unapeperusha vumbi la dhahabu kurudi mlimani lilikotoka, na mzee anaangua kicheko.

Kicheko hicho ndicho ninachosema wahakiki walikipita. Hesabu wewe mwenyewe: sanamu ya kipanga katika The Maltese Falcon, inayotafutwa na watu walio tayari kuua, inageuka kuwa ya bandia. Dhahabu inapeperuka. Wezi wa vito katika The Asphalt Jungle ya 1950 wanapanga wizi kwa umakini wa wahasibu, na kila mmoja anaangushwa na udhaifu wake mdogo. Nahodha Ahab wa Moby Dick anampata nyangumi wake, na nyangumi anampata yeye. Watu wanataka kitu kwa moyo wote, wanakikaribia au hata kukishika, kinawaponyoka. Waandishi ni tofauti, nchi tofauti, rangi tofauti, lakini msomaji aliyevichagua vitabu hivyo ni mmoja.

Filamu inayotuhusu zaidi sisi wa huku ni The African Queen ya 1951, nayo inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu inaonekana kuvunja kanuni hiyo.

Riwaya ni ya C. S. Forester, ya 1935, na mambo yake yanatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Rose Sayer, mmishonari wa Kiingereza, anafiwa na kaka yake baada ya Wajerumani kukivamia kijiji walichokuwa wakihubiri. Anapanda boti kuukuu ya fundi mmoja mpenda pombe, Charlie Allnut, na kumshinikiza washuke mto Ulanga mpaka ziwani, wakailipue meli ya Wajerumani iitwayo Louisa. Mtu wa Morogoro atakuna kichwa hapo, maana Ulanga anaoujua yeye unaishia Rufiji, na Rufiji inaishia Bahari ya Hindi. Forester aliunda jiografia yake. Lakini meli ilikuwa na asili ya kweli: Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa kwa vipande hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni hadi Kigoma na kuungwa huko. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina ambalo kila mkazi wa Kigoma analijua: Liemba.

Huston na mtayarishaji wake, Sam Spiegel, hawakupiga picha Tanganyika. Walikwenda Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, na baadaye Uganda, huko Butiaba kando ya Ziwa Albert na kwenye maporomoko ya Murchison. Wakati huo filamu nyingi za “Afrika” zilitengenezwa California kwa migomba ya kupanda kwenye makopo, na kamera za rangi za Technicolor zilikuwa mizigo mizito. Wafanyakazi waliugua. Boti ilizama ikabidi ivutwe juu. Katharine Hepburn, aliyekunywa maji kwa adabu zote, alihara wiki nzima nzima. Bogart na Huston walijisifu kwamba whisky iliwaokoa. Mwandishi Peter Viertel, aliyeitwa kusaidia mswada, alirudi na riwaya nzima juu ya mwongozaji anayesahau filamu yake kwa kumtamani tembo wa kumpiga risasi. Huston aliandika baadaye kwamba hakuwahi kuua tembo.

Tazama sasa kazi ya msomaji. Allnut wa Forester ni Mwingereza wa tabaka la chini la London, lafudhi ambayo Bogart asingeiweza; akafanywa Mkanada. Hilo dogo. La pili ni kubwa. Siku za mwanzo Hepburn alimwigiza Rose kwa uso mkavu, mkali, kama kitabu kinavyomruhusu. Huston alimwendea akamwambia amfikirie Eleanor Roosevelt akiwatembelea askari majeruhi hospitalini: mwanamke anayejua kuwa sura yake imechoka na hali ni mbaya, na ambaye kwa sababu hiyohiyo hutabasamu. Hepburn aliandika baadaye kwamba hayakuwahi kumfikia maelekezo bora kuliko hayo. Kwa neno hilo moja filamu nzima iligeuka kuwa vichekesho vya watu wazima wawili wanaopendana wakiwa wachafu na wamechoka, na Bogart akapata Oscar yake pekee.

La tatu ni mwisho. Agee, yuleyule mhakiki wa Life, aliajiriwa kuandika mswada pamoja na Huston, lakini alipatwa na mshtuko wa moyo kabla ya kuumaliza. Katika riwaya boti inazama kwa dhoruba bila kulipua chochote, Wajerumani wanawakabidhi wapenzi wetu kwa Waingereza, na Waingereza ndio wanaoizamisha Louisa. Ni mwisho wa Huston kabisa: juhudi zote bure! Ungetarajia auchukue ulivyo. Yeye akafanya kinyume. Kwenye filamu wapenzi wanakaribia kunyongwa, wanaomba nahodha awafungishe ndoa kwanza, na ndoa ikishafungwa meli inajigonga kwenye boti yao iliyozama nusu ikiwa na torpedo zake. Louisa inalipuka. Wameshinda, lakini wameshinda kwa ajali, wakati wenyewe walishakata tamaa, na mabomu yao ya kuungaunga yamefanya kazi bila wao. Kicheko cha mzee wa Sierra Madre kimerudi, safari hii kikiwaangukia upande mzuri.

Sitasema filamu haina doa. Waafrika ndani yake ni kwaya inayoimba bila kufuata tuni, wabeba mizigo, na moshi wa nyumba zinazochomwa. Hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya mhusika. Forester aliandika hivyo, na hapa uaminifu wa Huston kwa kitabu ukawa udhaifu: alikwenda mpaka Ruiki, akawaona watu kwa macho yake, akarudi na yaleyale ya kwenye kitabu.

Turudi kwenye pesa, uzi wa tatu. Huston alipokuwa Kongo, studio ya MGM ilikuwa ikiikata The Red Badge of Courage, filamu yake ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mpaka ikabaki dakika 69. Nyumbani nako hali ilikuwa mbaya. Mwaka 1947 yeye na wenzake waliunda kamati ya kupinga bunge kuwahoji watu wa Hollywood juu ya siasa zao, na hofu iliyofuata ilimchosha. Akahamia Ireland, akanunua jumba la St. Clerans huko Galway, akafuga farasi, akaongoza misafara ya kuwinda mbweha, na mwaka 1964 akachukua uraia wa huko. Jumba, farasi, kamari na wake watano kwa nyakati tofauti: hesabu hiyo hailipwi na filamu moja nzuri kila baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo alichukua vibarua. The Barbarian and the Geisha ya 1958 ilikatwakatwa na studio na nyota wake John Wayne. Casino Royale ya 1967 ilikuwa na waongozaji kadhaa, Huston mmojawapo, na inaonekana hivyo. The Bible ya 1966 aliiongoza, akaigiza Nuhu, na akatoa pia sauti ya Mungu. Unyenyekevu haukuwa ugonjwa wake. Ukikumbuka kwamba Sarris aliandika mwaka 1968, akitoka kuzitazama hizi za karibuni, hukumu yake inaeleweka zaidi. Aliona mtu anayefanya kazi kwa ajili ya bili.

Hata nadharia yangu ya msomaji inayumba hapa. Moby Dick haikuwa kibarua. Alikipenda kitabu, akamwajiri Ray Bradbury aandike naye mswada, na bado filamu inazama kila Gregory Peck, anayemwigiza Ahab, anapofungua kinywa. Kupenda kitabu hakutoshi. Lakini alipokuwa hakipendi, matokeo yalikuwa mabaya karibu kila mara, na hilo lenyewe linasema kitu.

Walichokosa kuona wahakiki wa 1968 ni kwamba sehemu bora ilikuwa haijafika. Fat City. The Man Who Would Be King ya 1975, kutoka kwa hadithi ya Kipling, ambayo aliipanga tangu miaka ya 1950 akiwataka Clark Gable na Bogart. Wote wawili wakafa kabla, akasubiri hadi akampata Sean Connery na Michael Caine. Wise Blood ya 1979, ya bajeti ndogo, kutoka kwa riwaya ya Flannery O'Connor, ambapo hata jina lake kwenye maandishi ya mwanzo limeandikwa kwa herufi zilizopishana nafasi, “Jhon Huston”, kama mtoto wa darasa la kwanza angeliandika. Prizzi's Honor ya 1985 ilimpa binti yake Anjelica Oscar, na hivyo familia moja ikawa na tuzo hiyo kwa vizazi vitatu, huku kizazi cha kwanza na cha tatu kikiwa kimeongozwa na cha kati.

Ya mwisho ni The Dead ya 1987, kutoka kwa hadithi ya James Joyce, mswada ukiandikwa na mwanawe Tony. Mapafu ya Huston yalikuwa yamekwisha. Aliongoza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mrija wa oksijeni puani, na kwa kuwa hakuweza kusafiri, karamu ya Dublin ilijengwa kwenye ghala huko Valencia, California. Karibu filamu nzima ni chakula cha jioni: watu wanacheza dansi, bata bukini anakatwa, mlevi anazuiwa asiharibu shughuli. Hakuna anayefukuza dhahabu. Wameifuata hadithi ya Joyce karibu neno kwa neno, ila wameongeza mgeni mmoja, Bwana Grace, ambaye kwenye hadithi hayupo. Anasimama akakariri shairi la Kiayalandi la mwanamke aliyeachwa na mpenzi wake. Kamera inamgeukia Gretta, mke anayeigizwa na Anjelica, na uso wake umekwenda mbali. Saa moja baadaye mumewe atagundua kwamba moyo wake siku zote ulikuwa kwa kijana aliyekufa zamani, nasi hatutashtuka kama yeye, kwa sababu Bwana Grace alikwisha kututayarisha. Ni lile lango la lifti tena, miaka 46 baadaye. Huston alifariki tarehe 28 Agosti 1987, kabla filamu haijaanza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema.

Sarris mwenyewe alibadilisha mawazo hadharani miaka ya 1980 ilipoanza, jambo ambalo wahakiki hulifanya mara chache. Kwa anayetaka kuanza, ningemwelekeza kwenye The Maltese Falcon, kisha The African Queen akiwa amesoma riwaya kwanza kama anaipata, kisha Fat City, na The Dead mwishoni. Annie ya 1982, filamu ya muziki ya watoto iliyoigharimu studio ya Columbia mamilioni, inaweza kusubiri muda wowote itakaopenda.